Kugawa matokeo ya hifadhidata katika kurasa bila kuichosha seva

Orodha ya malipo yenye rekodi 60 unaweza kuigawa kwa njia yoyote na hakuna atakayeona tofauti. Ikifika rekodi milioni 3, njia inayofundishwa karibu kila kozi ya mwanzo, yaani LIMIT (rekodi ngapi zirudishwe) na OFFSET (ngapi zirukwe kwanza), hugeuka mzigo. Ukurasa wa kwanza hufunguka papo hapo, wa kumi vilevile, lakini kadiri unavyozama ndani ndivyo seva inavyohema. Hapa tunaonyesha njia ya kufanya ukurasa wa mwisho ufunguke kwa kasi ile ile ya ukurasa wa kwanza. Mifano ni ya PostgreSQL. Pale MySQL inapotofautiana tumesema.

Jedwali letu ni hili:

```sql
CREATE TABLE malipo (
  id        bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mteja_id  bigint NOT NULL,
  kiasi     numeric(14,2) NOT NULL,
  hali      text NOT NULL,
  wakati    timestamptz NOT NULL DEFAULT now()
);
```

OFFSET inakosea wapi

Ukiandika `LIMIT 20 OFFSET 100000`, hifadhidata huzalisha rekodi 100,020, hutupa 100,000 za mwanzo, kisha hukupa 20. Indeksi, yaani orodha iliyopangwa inayoonyesha thamani zilipo, haikuokoi hapa. Indeksi ya B-tree, yenye umbo la mti, katika PostgreSQL inajua thamani fulani iko wapi, lakini haijui rekodi ya laki moja iko wapi, kwa sababu haiweki hesabu ya vilivyo chini ya kila tawi. Ni sawa na kumtuma kijana ghalani akuletee gunia la elfu moja wakati magunia hayana namba: hana budi kuanza kuhesabu mlangoni, na kesho ukimtuma tena ataanza upya.

Kasoro ya pili haihusu kasi, na kwa maoni yetu ndiyo mbaya zaidi. Msomaji akiwa ukurasa wa 1, malipo mapya matatu yakaingia juu ya orodha, ukurasa wa 2 utaanza na rekodi tatu ambazo ameshaziona. Hilo ni kero tu. Rekodi tatu zikifutwa badala ya kuongezwa, ukurasa wa 2 utaruka tatu ambazo hajaziona, na hakuna dalili yoyote kwenye skrini. Programu inayosoma kurasa moja baada ya nyingine ili kufunga hesabu za mwezi itatoka na jumla pungufu bila kosa lolote kuandikwa kwenye logi.

OFFSET haijakatazwa. Jedwali la mikoa, orodha ya watumiaji 300 wa ofisi, ukurasa wa msimamizi usiozidi kurasa kumi: itumie na usijisumbue na yanayofuata.

Hatua ya 1: Hakikisha mpangilio hauna sare

`ORDER BY wakati DESC` peke yake haitoshi. Malipo mawili yakiwa na wakati mmoja, hifadhidata haijaahidi lipi litatangulia, na leo linaweza kutangulia hili, kesho lile. Watu hudhani sare ni jambo la nadra kwa kuwa PostgreSQL hupima hadi mikrosekunde. Wanasahau kwamba `now()` hurudisha saa ambayo muamala wa hifadhidata (kundi la amri zinazokamilika kwa pamoja) ulianza, si saa ya kila rekodi. Ukiingiza malipo 5,000 kutoka kwenye faili ndani ya muamala mmoja, yote 5,000 yatakuwa na wakati uleule hadi tarakimu ya mwisho.

Dawa ni kuongeza safu (column) yenye thamani isiyojirudia mwishoni:

```sql
ORDER BY wakati DESC, id DESC
```

Safu zote za mpangilio ziwe `NOT NULL`, yaani zisiruhusu NULL (thamani isiyokuwepo). Kulinganisha na NULL hakutoi kweli wala si kweli, kwa hiyo rekodi zenye NULL zitapotea kuanzia ukurasa wa pili. Isitoshe, kwa `DESC` PostgreSQL huweka NULL mwanzoni na MySQL huziweka mwisho, hivyo hata kuhama hifadhidata kutabadilisha orodha yako. Epuka pia kupanga kwa safu inayobadilika kila mara, kama saa ya mabadiliko ya mwisho au salio, kwa sababu rekodi itahama ukurasa wakati msomaji bado yuko njiani.

Hatua ya 2: Tengeneza indeksi inayofuata mpangilio huo

```sql
CREATE INDEX CONCURRENTLY malipo_mteja_wakati_id
  ON malipo (mteja_id, wakati DESC, id DESC);
```

Safu zinazochujwa kwa alama ya `=` hutangulia, kisha zinafuata safu za mpangilio kwa mfuatano uleule wa `ORDER BY`. Ukizigeuza, yaani wakati ukatangulia mteja, hifadhidata italazimika kupita malipo ya wateja wote ikimtafuta mmoja.

Indeksi yenye `ASC` pande zote mbili ingefaa pia, maana husomeka kutoka nyuma. Cha muhimu ni mwelekeo wa safu za mpangilio kuwa mmoja. Ukitaka wakati ushuke huku id ikipanda, utahitaji indeksi iliyotengenezwa hivyo hasa, na ulinganisho mfupi wa hatua ya 3 hautafanya kazi. Hatujaona sababu nzuri ya kujitakia hayo. Kwenye MySQL kabla ya toleo la 8.0, neno `DESC` ndani ya indeksi lilikubaliwa na kupuuzwa kimyakimya.

Neno `CONCURRENTLY` huruhusu watu kuendelea kuandika wakati indeksi inajengwa, lakini lina masharti. Halikubali kukaa ndani ya muamala, na zana nyingi za kuhamisha skima (muundo wa majedwali) hufunga kila kitu ndani ya muamala, kwa hiyo tafuta namna ya kuzima tabia hiyo kwa faili hilo moja. Ujenzi ukikatika katikati, huacha indeksi yenye alama ya `INVALID`: maulizo (queries) hayaitumii, lakini kila uandishi unaendelea kuilipia. Angalia kwa `\d malipo` ndani ya psql. Ukiiona, ifute kwa `DROP INDEX CONCURRENTLY` na uanze upya.

Hatua ya 3: Endelea pale ulipoishia

Ukurasa wa kwanza hauna masharti ya ziada (`$1` ni nafasi ya thamani ambayo programu huijaza):

```sql
SELECT id, kiasi, hali, wakati
FROM malipo
WHERE mteja_id = $1
ORDER BY wakati DESC, id DESC
LIMIT 21;
```

Tunaonyesha 20 lakini tunaomba 21. Ya ishirini na moja haionyeshwi. Kuwepo kwake ndiko kunakotuambia kama kitufe cha "Zinazofuata" kiwepo. Kisha tunachukua wakati na id ya rekodi ya 20, si ya 21, na kuzipeleka kwenye ulizo la ukurasa unaofuata:

```sql
SELECT id, kiasi, hali, wakati
FROM malipo
WHERE mteja_id = $1
  AND (wakati, id) < ($2, $3)
ORDER BY wakati DESC, id DESC
LIMIT 21;
```

Ukichukua thamani za rekodi ya 21 kwa bahati mbaya, rekodi hiyo haitaonekana kwenye ukurasa wowote, na utapoteza moja kila unapobonyeza.

Mabano yale yana maana. Hifadhidata hulinganisha wakati kwanza, na zikiwa sawa ndipo inalinganisha id. Wengi huandika `wakati < $2 AND id < $3` wakidhani ni kitu kimoja. Sicho. Malipo ya jana yaliyoingizwa leo kwa kuchelewa yana wakati mdogo na id kubwa, na sharti hilo litayatupa.

MySQL inakubali maandishi ya mabano lakini kipangaji chake (sehemu inayochagua njia ya kutekeleza ulizo) mara nyingi hakiyageuzi kuwa safari fupi ndani ya indeksi. SQL Server haiyakubali kabisa. Kwa hizo mbili andika hivi:

```sql
WHERE mteja_id = ?
  AND wakati <= ?
  AND (wakati < ? OR id < ?)
```

Mstari wa `wakati <= ?` unaonekana kama nyongeza isiyohitajika, lakini ndio unaoipa hifadhidata mahali pa kuanzia ndani ya indeksi. Usiuondoe kwa ajili ya usafi wa msimbo. SQLite inafahamu mabano tangu toleo la 3.15 la mwaka 2016.

Sasa pima. Tumia `EXPLAIN (ANALYZE, BUFFERS)`, inayoonyesha jinsi ulizo lilivyotekelezwa, kwa ukurasa wa kwanza na kwa ukurasa wa ndani sana, ukiwa na data nyingi ya kutosha. Kwenye jedwali dogo PostgreSQL itasoma jedwali zima na itakuwa sahihi kufanya hivyo. Unachotafuta ni `Index Cond` inayotaja mteja_id pamoja na ulinganisho wa mabano, rekodi 21 tu zikitoka, na idadi ya `Buffers` (vipande vya data vilivyoguswa) inayokaribiana kwa kurasa zote mbili. Ukiona `Sort`, indeksi haifuati mpangilio wako. Ukiona `Rows Removed by Filter` yenye maelfu, basi kuna sharti lililobaki nje ya indeksi. Mara nyingi ni kichujio kama `hali = 'imeshindikana'`, na kikitumika sana kinastahili indeksi yake: `(mteja_id, hali, wakati DESC, id DESC)`.

Hatua ya 4: Funga alamisho vizuri

Wakati na id husafiri hadi kwenye kivinjari na kurudi kama kipande kimoja cha maandishi, tukiite alamisho. Weka ndani yake, kwa muundo wa JSON, thamani hizo mbili, mwelekeo wa safari, na jina la mpangilio, kisha geuza JSON hiyo kuwa base64url ili ikae kwenye anwani bila shida. Kumbuka base64 si siri: yeyote anaweza kuifungua. Unaweza kuitia saini ya HMAC (inayotengenezwa kwa ufunguo wa siri wa seva) ili isichezewe, ila ulinzi wa kweli ni kwamba `mteja_id` itoke kwenye sesheni ya aliyeingia, kamwe isitoke kwenye alamisho.

Mtego mkubwa uko kwenye saa. PostgreSQL huhifadhi tarakimu sita baada ya sekunde. Kitu cha Date cha JavaScript hubeba tatu tu. Rekodi ya mwisho ikiwa ya saa 10:15:02.123456, alamisho itarudi na .123, na sharti la `<` litaruka malipo yote yaliyoangukia kati ya .123000 na .123456. Kwenye orodha inayopanda, kosa lile lile hurudia rekodi badala ya kuziruka. Kasoro hii haionekani kwenye data ya majaribio yenye rekodi kumi zilizoandikwa kwa mkono. Hujitokeza siku ya mishahara, malipo yanapoingia kwa mkupuo.

Unaponea kwa kutoruhusu wakati upite kwenye aina ya Date. Omba `wakati::text` kutoka kwenye hifadhidata, uibebe kama maandishi, uirudishe kama maandishi. Ukiona ni usumbufu, tangaza safu kuwa `timestamptz(3)` tangu mwanzo, na pande zote mbili zitakuwa na kipimo kimoja. Ukituma maandishi hayo kwenye anwani bila base64url, jihadhari na alama ya kujumlisha: seva iliyowekwa saa za Nairobi au Dar es Salaam itaandika +03 mwishoni, na sehemu nyingi zinazosoma anwani hugeuza + kuwa nafasi tupu.

Alamisho isiyosomeka irudishe kosa la 400 (ombi baya), si 500 (hitilafu ya seva). Msomaji akibadilisha mpangilio au kichujio, tupa alamisho na umrudishe mwanzo.

Hatua ya 5: Kurudi nyuma

Geuza vitu viwili kwa pamoja, ulinganisho na mpangilio, ukitumia thamani za rekodi ya kwanza ya ukurasa ulio wazi:

```sql
  AND (wakati, id) > ($2, $3)
ORDER BY wakati ASC, id ASC
LIMIT 21;
```

Zikija 21, ondoa ya mwisho, kisha pindua zilizobaki ndani ya programu kabla ya kuonyesha. Ukibadilisha ulinganisho ukasahau mpangilio, "Zilizotangulia" itampeleka msomaji moja kwa moja mwanzo wa orodha. Ukiondoa ile ya ziada baada ya kupindua, utaondoa isiyostahili.

Jumla ya rekodi na namba za kurasa

Hapa ndipo mabishano na mwenye bidhaa (product owner) huanza, maana anataka "Ukurasa wa 7 kati ya 4,312". Hesabu hiyo inagharimu. PostgreSQL haina jumla iliyo tayari, kwa sababu kila muamala unaweza kuona rekodi tofauti, hivyo `COUNT(*)` hupita kila rekodi inayohusika. Unaweza kukuta ulizo la ukurasa linachukua milisekunde 2 na ulizo la jumla linachukua mara mia ya hizo, kwa ajili ya namba ambayo hakuna anayeisoma.

Swali la kumuuliza ni hili: namba hiyo inamsaidia mtumiaji kuamua nini? Kama ni kujua tu kwamba kuna nyingi, hesabu hadi kikomo na uache:

```sql
SELECT count(*) FROM (
  SELECT 1 FROM malipo WHERE mteja_id = $1 LIMIT 1001
) t;
```

Ikirudi 1,001, andika "zaidi ya 1,000". Kwa jedwali zima bila kichujio, makadirio yapo tayari:

```sql
SELECT reltuples::bigint FROM pg_class
WHERE oid = 'malipo'::regclass;
```

Thamani hiyo husasishwa na VACUUM na ANALYZE, kazi za usafi na za kukusanya takwimu. Kuanzia toleo la 14, -1 humaanisha bado hazijawahi kupita. Kwenye MySQL usianzishe kitu kipya kwa `SQL_CALC_FOUND_ROWS`, iliyotangazwa kuachwa tangu 8.0.17.

Kuruka hadi ukurasa wa 213 pia kuna mbadala. Kwenye orodha ya malipo, mtu haitaki namba 213. Anatafuta malipo ya Machi. Mpe kisanduku cha tarehe. Ulizo linabaki lile lile, ila linaanza na `wakati < '2024-04-01'` na kushuka, kwa kasi ile ile.

Namba zikilazimu, punguza maumivu kwa kuruka ndani ya indeksi peke yake na kuchota rekodi kamili mwishoni:

```sql
SELECT m.*
FROM malipo m
JOIN (
  SELECT id FROM malipo
  WHERE mteja_id = ?
  ORDER BY wakati DESC, id DESC
  LIMIT 20 OFFSET 5000
) k ON k.id = m.id
ORDER BY m.wakati DESC, m.id DESC;
```

Kuhesabu bado kupo, lakini rekodi 5,000 zinazorukwa hazichotwi zikiwa nzima, jambo linaloonekana sana kwenye InnoDB (injini ya kuhifadhi data ya MySQL) pale rekodi zinapokuwa pana. Kisha weka kikomo, tuseme kurasa 100. Si ukali usio na mfano: Elasticsearch, mfumo wa kutafuta, kwa chaguo-msingi hukataa kupita matokeo 10,000, na anayetaka zaidi huelekezwa kwenye `search_after`, ambayo ni mbinu hii hii ya kuanzia ulipoishia.

Mambo yanayoharibu kazi nzuri

Ukiunganisha malipo na bidhaa zake ndani ya ulizo lenye LIMIT, utapata mistari 20 ya bidhaa, pengine ya malipo sita tu. Weka LIMIT kwenye malipo kwanza, ndani ya ulizo dogo, halafu unganisha. Hibernate (maktaba ya Java ya kuzungumza na hifadhidata) ikikutana na hali hii huchota kila kitu na kukigawa ndani ya kumbukumbu ya programu. Ukiona onyo HHH000104 kwenye logi (HHH90003004 kuanzia Hibernate 6), ndilo hilo.

Jua fremuweki yako inafanya nini chini kwa chini. Katika Laravel ya PHP, `paginate()` huhesabu jumla kila mara, `simplePaginate()` haihesabu lakini bado inatumia OFFSET, na `cursorPaginate()`, iliyokuja katika toleo la 8, ndiyo inayoanzia ulipoishia. Paginator ya Django, fremuweki ya Python, huhesabu jumla. Kwa upande wa API, Django REST Framework ina CursorPagination.

Idadi ya rekodi kwa ukurasa isitegemee hisani ya anayeomba. Ibane kati ya 1 na 100 kwenye seva, la sivyo kuna siku mtu ataomba 500,000. Jina la safu ya kupanga haliwezi kupitishwa kama `$1`, kwa hiyo lichague kutoka orodha uliyoiandika mwenyewe. Kulibandika moja kwa moja kutoka kwenye anwani ni kumfungulia mlango mvamizi.

Kasa (cursors) za hifadhidata, zile za `DECLARE CURSOR`, hazifai tovuti. Huishi ndani ya muunganisho mmoja, wakati msomaji anaweza kwenda kula na kurudi baada ya saa mbili. Ziache kwa kazi za kuchota data nyingi kwa mkupuo.

Na kwa programu inayosoma mkia wa jedwali kwa `id > ya_mwisho`, kuna hatari moja zaidi. Namba za id hutolewa muamala unapoendelea, lakini rekodi huonekana muamala unapokamilika. Rekodi ya 1005 inaweza kuonekana baada ya 1006 kuwa imeshasomwa, na programu yako haitarudi nyuma kuitafuta. Programu hiyo ibaki nyuma ya saa ya sasa kwa muda unaozidi muamala wako mrefu kuliko yote, dakika chache kwa kawaida.

Jaribio la kufanya kabla ya kuachia

Zalisha sare kwa makusudi:

```sql
INSERT INTO malipo (mteja_id, kiasi, hali)
SELECT 99, 500, 'imekamilika'
FROM generate_series(1, 1000);
```

Rekodi zote 1,000 zitakuwa na wakati mmoja. Pitia kurasa zote za mteja 99 kwa ukubwa wa 7, ukikusanya id. Ziwe kurasa 143, ya mwisho ikiwa na rekodi 6, na id 1,000 zisizojirudia. Rudi nyuma kutoka mwisho hadi mwanzo na ulinganishe orodha mbili. Kisha rudia kwa ukubwa wa 20: ukurasa wa 50 unajaa barabara, na hapo kitufe cha "Zinazofuata" hakitakiwi kuonekana.